Mzee wa Thelathini na Nne

Mzee mmoja, mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, huja kibandani kwangu hapa Mwanjelwa kila mwaka mwezi wa sita, baridi ya Mbeya inapoanza kuuma masikio. Anashona suruali moja ya kitambaa kizito, basi, mpaka mwaka mwingine. Kabla sijagusa futi kamba huwa ananitajia mwenyewe: "Kiuno thelathini na nne, fundi. Mimi ni mtu wa thelathini na nne tangu zamani." Halafu anasimama wima, anavuta pumzi na kuibana. Nazungusha futi kamba, inaniambia 38. Nasema, "Sawa, mzee," naandika 38 kwa tarakimu ndogo pembeni mwa daftari, nalifunga haraka asije akachungulia. Siku ya kuchukua suruali anaijaribu nyuma ya pazia, anatoka akijipigapiga kiunoni kwa viganja, anawaambia waliokaa kwenye benchi: "Mnaona? Ileile."

Hiyo thelathini na nne nilikuja kujua ilikotoka siku moja mvua ilipomzuia kuondoka. Alipewa sare yake ya kwanza mwaka 1976, mwaka ambao reli ilikabidhiwa rasmi baada ya Wachina kumaliza kuijenga, na suruali ile ilikuwa na namba 34 kwa ndani. Kijana wa miaka ishirini, mshahara wa kwanza mfukoni, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na yeye ni mmoja wa watu wake. Namba ikagandia hapo.

Usidhani namcheka. Kutoka kwake Iyunga mpaka hapa anakuja kwa miguu, kwa sababu mtu wa thelathini na nne hapandi bajaji kwa safari ya kutembea. Ugali wa usiku anauacha nusu. Suruali za mtumba anazikataa zote, anadai siku hizi Wazungu wanapunja kitambaa. Namba ya uongo inamtembeza kila siku, wakati mimi mwenye futi kamba ya kweli napanda bajaji kwenda kununua vitunguu.

Karibu miaka ishirini ya kukaa nyuma ya cherehani imenionyesha kwamba mteja haji peke yake. Anakuja na mtu mwingine, yule anayeamini kuwa ndiye yeye, na huyo ndiye anayetoa maelekezo. "Mimi mke wa mchungaji, fundi, mpasuo usivuke goti." "Mimi si mtu wa rangi za kuwaka." "Weka mkono mfupi, mimi mtu wa Kyela, mambo ya kujifunikafunika siyawezi," na huyo amehamia Uyole mwaka wa kumi sasa, anayasema hayo huku meno yanagongana. Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea kitambaa cha suti, akataka mfuko wa ndani uwe mpana wa kuingia kitabu cha hundi. Hundi hana. Lakini tangu aanze kuivaa ile suti Jumapili, hata Jumatatu simu anazipokea kwa "Ndiyo, nakusikiliza," na pikipiki yake haijawahi kuwa safi namna hii.

Nami nilikuwa na sentensi yangu. Nilishuka Mbeya mwaka 2007 nikitokea Iringa, mkononi nina matokeo ya kidato cha nne ambayo hata bibi yangu asiyejua kusoma aliyaelewa. Mjomba alikuwa na cherehani mbili, moja haina mtu. Nikakaa. Aliyeniuliza nafanya nini mjini nilimjibu, "Nipo tu kwa mjomba, nashonashona."

Kitazame hicho kitenzi. Kushona ni kazi. Kushonashona ni kusogeza siku huku umeshika sindano. Lugha yetu ina huruma hiyo: ukitaka jambo lisikudai, unalirudia. Unalimalima, unauzauza, unasomasoma. Mwenye kushonashona hana ahadi na mtu. Nilikata vitambaa vya watu kwa mkasi wa kuazima, uleule watoto wa mjomba waliokatia karatasi, mpaka ukawa haukati kitenge, unakiguguna. Vipimo niliviandika kwenye boksi la sigara. Nguo ya Ijumaa ikitoka Jumanne sikuumia, maana aliyechelewa hakuwa fundi, alikuwa mtu anayeshonashona tu mpaka mambo yake yanyooke. Mambo yenyewe sikuwahi kuyataja ni yapi, hata kwa mjomba.

Hivyo hivyo kwa miaka saba. Kisha ikaja siku ya kujiandikisha kitambulisho cha taifa. Dada wa mezani akauliza, "Kazi?" Nikamjibu nashonashona. Hakuinua hata macho, akaandika: FUNDI CHEREHANI. Nikalitazama lile neno likikauka. Nilitaka kumwambia afute.

Mwezi uleule nilinunua mkasi. Mkasi wa chuma hasa, mzito, wa kukatia suti, ulionila karibu mapato ya wiki mbili, nikatangaza kibanda kizima kwamba atakayeukatia karatasi tutakosana. Kisha daftari. Kisha, jambo la aibu kulisema, nikaanza kuchelewa kulala Alhamisi, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameahidiwa Ijumaa.

Ingependeza kusema lile neno ndilo lililonibadilisha. Sina hakika. Siku hizi bando likiwepo nasoma usiku, na nimesoma kuhusu Mmarekani mmoja, Daryl Bem, aliyeandika mwaka 1972 kwamba mara nyingi mtu hujijua kwa kuyatazama matendo yake mwenyewe, kama vile jirani angemtazama. Kwa hesabu hiyo mkasi ulitangulia: niliona mtu aliyetoa pesa ile yote, nikajiambia huyu lazima ni fundi. Upande wa neno nao ulikuwa na mashahidi wake. Mwaka 2011 watafiti wengine wa hukohuko Marekani walitoa matokeo yaliyosema kwamba watu walioulizwa kuhusu "kuwa mpiga kura" walijitokeza kituoni zaidi kuliko walioulizwa kuhusu "kupiga kura". Mwaka 2016 wenzao wakajaribu tena kwa watu wengi zaidi, ile tofauti hawakuiona. Mimi sikushangaa. Neno halina vidole vya kushika mkasi. Lakini pia najua kwamba bila yule dada ningekuwa bado naazima.

Sentensi ya pili ni nzito zaidi, maana hiyo sikuipata ukubwani. Mimi ni Mhehe wa Kalenga.

Kwa wasiopajua, Kalenga iko jirani tu na mji wa Iringa, na ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tukiwa watoto wa shule ya msingi tulipelekwa kwenye makumbusho kuliona fuvu lake ndani ya kioo. Tarehe tulikuwa tunaziimba: Lugalo, 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani, Zelewski, akauawa na kikosi chake kikasambaratishwa. Kalenga ikaanguka 1894. Miaka minne mingine Mkwawa akawasumbua Wajerumani porini, na 1898 akajipiga risasi ili wasimkamate akiwa hai. Kichwa kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa hata ndani ya Mkataba wa Versailles mwaka 1919, kikarudi nyumbani 1954.

Nilichokuja kukijua ukubwani, na kama fundi sikukisahau tena, ni namna kilivyopatikana. Gavana Mwingereza, Edward Twining, alikwenda mwaka 1953 kwenye makumbusho ya Bremen, yenye mafuvu kama 2,000. Yakatengwa yaliyotoka koloni la Wajerumani huku kwetu, 84, vipimo vyake vikalinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya yaliyokaribiana akalichukua lenye tundu la risasi. Kwa hiyo hata Mkwawa, na ukubwa wake wote, ilibidi apimwe ndipo ajulikane ni nani.

Mtoto hatoki mbele ya kioo kile mikono mitupu. Mimi nilitoka na jambo moja, nalo bibi akalikazia nyumbani kila jioni: sisi hatubembelezi mtu. Bibi alikuwa anazungumzia vita. Mimi nikaenda nalo dukani kununua zipu.

Sitanii. Jirani yangu wa kibanda cha pili ni Mkinga, na Mkinga hanunui kitu kwa bei ya kwanza, hata kiberiti. Anauliza, anaguna, anaondoka, anaitwa, anarudi, anaguna tena. Mimi nikiambiwa dazeni ya zipu shilingi elfu sita natoa elfu sita na kuondoka shingo juu. Kwa bitana, uzi, gamu na vifungo, kwa miaka yote hiyo, sijui nimewachangia kiasi gani wenye maduka ya jumla. Kila nikitaka kusema "nipunguzie", koo linaziba, naona kioo cha Kalenga. Kodi ya kibanda iliponishinda mwaka mmoja, niliuza baiskeli kuliko kumwomba mjomba aniongoje mwezi mmoja. Mjomba alikasirika alipojua. Alikuwa na pesa, na baiskeli ndiyo aliyokuwa akitumia kwenda kanisani.

Na huo Uhehe wenyewe niliokuwa naulinda kwa baiskeli ya watu, ukiufuatilia hauna umri mkubwa kama bibi alivyodhani. Ni Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyeviunganisha vijitawala vingi vidogo katika karne ya 19, huku akipambana na Wasangu, hawahawa ambao mashamba yao ya mpunga nayaona dirishani kila basi linapopita Mbarali. Babu wa babu yangu pengine aliitwa jina jingine kabisa, la kilima chake au la mtemi wake mdogo. Vipande vikaunganishwa, pindo likapigwa, na mimi nikazaliwa nguo ikiwa imeshavaliwa vizazi kadhaa, nikadhani ilifumwa hivyo tangu mwanzo.

Lakini jaribu kuivua. Mtu akisimama kibandani akasema tu "Kamwene", salamu ya kwetu, basi bei imeshuka kabla hajafungua mfuko wa kitambaa. Sikuwahi kuamua hivyo. Mdomo unakimbia wenyewe. Kumbe si ugonjwa wa Iringa peke yake. Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Bristol kule Uingereza, alichapisha mwaka 1971 jaribio la wavulana wa shule walioambiwa wamegawanywa kufuatana na michoro waliyoipenda, ya Klee au ya Kandinsky. Ukweli ni kwamba mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha. Hawakuwajua hata walio upande wao. Wakaambiwa wagawe pesa, nao wakapendelea upande wao. Wale walikuwa na michoro tu. Mimi mtu ananiletea lugha aliyokuwa akinigombezea bibi, halafu nimtoze bei kamili?

Sehemu mbaya zaidi ya hii sentensi ya pili ilikuwa ile nisiyoiona. Kuna sifa Wahehe tumebandikwa nchi nzima, kwamba tuna hasira za karibu na ukitusema tunafanya jambo la kutisha. Watani wanayo maneno yao juu ya hilo, ya kamba sitayarudia hapa, yamenichosha. Nakiri tu kwamba sifa ya ukali nilikuwa naipenda. Mteja akinung'unika nilinyamaza, nikamtazama, nikaendelea kukanyaga cherehani. Naye akaishia hapo. Nikajiona mtu.

Mpaka alipokuja mama mmoja wa Kinyakyusa, muuza mchele. Alikuwa ameniletea kitenge cha ndege, wale mbayuwayu wanaoruka, yadi tatu tu, na mama mwenyewe si mwembamba. Ili kitoshe nilikikunja kwa upana badala ya urefu. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika mdomo. Kitenge chenye picha kina juu na chini; ukikikunja kwa upana, kipande cha chini ya mkunjo kinatoka kichwa chini. Gauni likaisha, ndege wa kifuani wanapaa, wa mgongoni wanaanguka. Niliona kabla hajafika. Alipouliza, nikamwambia, "Mama, ndiyo mtindo wa sasa." Akalipa, akaenda.

Akarudi baada ya miezi minane. Benchi lilikuwa limejaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo. Hawa ndege wa mgongoni wamekufa au wamelala?"

Benchi likatazama chini. Nikasikia masikio yanapata moto, na shingo ikaanza kupanda yenyewe kama kawaida yake. Mama wala hakuiangalia.

"Kanisani nilikaa benchi la mwisho kabisa," akasema, "mtu asije akawa nyuma yangu."

"Sasa mama, mbona hukurudi siku zilezile?"

"Nani akurudie? Binti yangu nguo yake ilimbana kwapani, akaipeleka kwa fundi mwingine akaifumua. Shemeji yangu suruali ile ya kijivu hajaivaa hata siku moja. Wanasema, yule Mhehe ukimsema atanuna mwezi mzima. Wanakuogopa, mwanangu. Basi wanakwenda kwingine."

Jioni ile nilifungua madaftari ya nyuma. Majina yalikuwa pale, yenye vipimo, mengi yametokea mara moja tu. Nilikuwa nimeyahesabu kama wateja wangu wakati wao walishaondoka kimya kimya, kwa adabu, ili wasinikere. Kitu nilichokuwa nakiita heshima kilikuwa ukimya wa watu wanaohama.

Ila hayo yalikuwa ya jioni. Pale pale, mama akiwa amesimama, nilisema, "Nimekosea, mama." Fundi mwenzangu akasimamisha cherehani yake. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo, na nikikumbuka vizuri, hata mimi sikuwa nimewahi kujisikia.

"Ee," akasema mama. "Sasa nitafutie ndege wazima."

Mbeya nzima sikupata kitenge kile. Nikapanda gari mpaka Tunduma, kama kilomita mia, ambako vitenge vya kutoka upande wa Zambia na Kongo vinapita mikononi mwa watu kama karanga. Nikazunguka nusu siku nikiwa na kipande cha mabaki mfukoni, namwonyesha kila muuzaji kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Nilipokipata, mama muuzaji akataja bei, na mkono wangu ukaenda mfukoni kwa mazoea. Nikaurudisha. Nikasema, "Mama, nipunguzie kidogo."

"Kwa nini?"

Hilo sikulitegemea. Jirani yangu Mkinga hajawahi kunifundisha kinachofuata. Nikabaki nimesimama, halafu nikamwambia ukweli: kwamba mimi ni fundi, nimewageuza ndege wa mtu, na mwenyewe amekaa benchi la nyuma kanisani miezi minane. Alicheka mpaka akashika meza. Akapunguza elfu mbili.

Mama wa mchele alipoliona gauni jipya aliligeuzageuza, akalikagua mgongoni kwanza, kisha akasema, "Ndaga fijo," asante sana ya kwao, akaondoka akiwa amelivaa juu ya lile alilokuja nalo.

Nisijipambe. Bei bado sijui kuipunguza, na kwa mtu asemaye "Kamwene" bado nashusha. Kilichobadilika ni kwamba niliwaambia wateja, mmoja mmoja, nguo ikiwa na kasoro irudi. Zikarudi! Mwezi ule nilishona vipya vichache kuliko nilivyofumua vya zamani. Wengine wamezidisha, wanarudisha nguo baada ya mwaka wakidai imepungua, na siku kama hizo natamani ule ukali wangu uje hata kwa nusu saa.

Kisha mwezi wa sita ukafika, na mzee wa reli akaja, safari hii akitaka suruali ya kuvaa kwenye sendofu ya mjukuu wake. "Thelathini na nne, fundi." Akavuta pumzi. Nikazungusha futi kamba. Thelathini na tisa.

Nikafikiri ndege. Nikafikiri nimeshona uongo wa huyu mzee miaka mingapi. Nikasema, "Mzee, safari hii tazama mwenyewe," nikaishika futi kamba palepale kiunoni, kidole gumba kikiwa kwenye namba.

Akatoa miwani mfuko wa shati, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Akainama akasoma. Akasoma tena, taratibu, kama anayekagua tiketi. Kisha akaivua miwani.

"Fundi," akasema, "hii futi yako imesinyaa. Nunua nyingine."

Nikaandika 39.